Sauti za Filamu Zimo Jikoni: Mwongozo kwa Vijana Wanaopiga Filamu Pwani

Aliyepata kutazama filamu ya vita, ya mapenzi au ya kutisha ameshasikia kifuu cha nazi asijue. Ameshasikia tikiti likidungwa kisu, funguo zikitikiswa, na kifuniko cha tangi la choo kikiburutwa juu ya tangi lake. Macho yaliona farasi, muuaji, jeshi na sanduku la kale likifunuliwa, na masikio yakakubali bila kuuliza. Kuna watu ambao hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku: kutazama picha na kuitengenezea sauti kwa vitu vya nyumbani.

Naandika kuhusu kazi hii kwa sababu moja. Vijana wengi wa Mombasa, Kilifi, Lamu na Kwale sasa wanapiga filamu fupi kwa simu, na nimekaa na kadhaa wao wakati wa kuhariri. Picha huwa nzuri. Sauti ndiyo inayowaangusha. Tukifika hapo husikia neno lile lile: "Hatuna pesa za sauti, tutashusha za intaneti." Nami huwajibu: ingieni jikoni kwanza. Makala haya yanaeleza kwa nini, na vipi.

Kazi hii ilianzia wapi

Filamu za mwanzo hazikuwa na sauti. Mwaka 1927 kampuni ya Warner Bros. ya Marekani ilitoa The Jazz Singer, ambamo watazamaji walimsikia mwigizaji akiimba na kusema, na studio nyingine zikaingia mbioni. Universal ilikuwa na filamu yake, Show Boat, iliyopigwa bila sauti. Ikabidi itiwe sauti baadaye. Jack Foley, mfanyakazi wa studio hiyo aliyezaliwa 1891, akaingia ukumbini na wenzake, picha ikioneshwa mbele yao, wakawa wanapiga makofi, wanatembea na kushangilia sawasawa na watu wa kwenye picha. Filamu hiyo ikatoka 1929.

Foley aliishi na kazi hiyo miaka mingi, akafariki 1967. Leo duniani kote kazi yenyewe inaitwa kwa jina lake: foley. Husimuliwa kwamba katika Spartacus ya 1960 sauti ya jeshi la Warumi haikufaa, na ilikuwa karibu watu warudishwe Ulaya kupiga upya. Foley akachukua funguo, akazitikisa mbele ya maikrofoni, na jeshi zima likasikika likitembea na silaha zake.

Wengine wakafuata njia hiyo. Katika Psycho ya 1960, Alfred Hitchcock aliletewa matikiti ya aina mbalimbali, akasikiliza kila moja likidungwa, akachagua mlio wa kisu kwenye mwili wa mtu. Katika Raiders of the Lost Ark ya 1981, Ben Burtt alipata sauti ya jiwe kubwa linalobingirika kwa kuteremsha gari dogo kwenye mteremko wa kokoto, na sauti ya nyoka kwa kupitisha mkono ndani ya chakula cha jibini. Katika Terminator 2 ya 1991, yule mtu wa chuma cha maji anapopenya nondo za mlango, kinachosikika ni chakula cha mbwa kikiteleza kutoka kwenye mkebe. Hapo palikuwa na mamilioni ya dola, na bado sauti ilitoka kwenye mkebe.

Sisi tuliisikia kwa filamu za Kihindi

Wazee wa Mombasa waliokuwa wakienda Naaz na Regal kutazama filamu za Kihindi walikuwa wakisikiliza foley kuliko walivyodhani. Kwa miongo mingi filamu za Bombay hazikutegemea sauti ya mahali pa kupigia picha. Mazungumzo yalirudiwa studioni, na kila hatua ya mguu, kila bangili na kila ngumi ikaongezwa kwa mkono. Lagaan ya 2001 ilizungumzwa sana kwa sababu ilithubutu kurekodi sauti papo hapo. Ule mlio wa "dishum" ambao watoto wa Pwani waliuiga wakicheza kupigana haukutoka kwenye shavu la mtu yeyote. Ulitengenezwa.

Mbona sauti ya kweli haitoshi?

Swali hili huulizwa na kila anayeanza, na majibu yake ni matatu.

La kwanza: wakati wa kupiga picha, maikrofoni huelekezwa kinywani mwa mwigizaji. Kazi yake ni kunasa maneno. Hatua za miguu, kikombe kinachowekwa mezani na leso inayojitandwa huingia kwa mbali au haziingii kabisa.

La pili: sauti ya kweli mara nyingi ni hafifu. Ngumi halisi hutoa kishindo kidogo tu, na kisu kikichomolewa alani karibu hakisikiki. Mtazamaji anataka sauti inayolingana na anachokiona, na akiona kitu na kusikia mlio kwa wakati mmoja, akili yake huviunganisha bila kusitasita. Ndiyo maana wakati ni muhimu kuliko kitu chenyewe. Filamu ya picha 25 kwa sekunde hupitisha kila picha kwa milisekunde 40. Mlio ukichelewa picha tatu au nne, mtazamaji anahisi kuna kasoro hata asipoweza kuieleza.

La tatu ni la kibiashara. Tamthilia za Kituruki tunazozitazama zikisema Kiswahili zilitolewa sauti za waigizaji, zikatiwa za wasemaji wetu. Kama hatua za miguu na milango zingekuwa zimerekodiwa pamoja na maneno ya Kituruki, nazo zingeondoka. Zimebaki kwa sababu zilikuwa pembeni, peke yake. Kijana wa Pwani anayetaka filamu yake itafsiriwe siku moja hana budi kuziweka hivyo hivyo.

Lugha yetu imeshafanya hesabu hii

Mtu wa kazi hii hujiuliza mambo mawili: ni kitu gani kinachogonga, na kinagonga juu ya nini? Mswahili alishajiuliza zamani. Darasani tulifunzwa tanakali za sauti: kuanguka majini chubwi, kuanguka matopeni tapwi, kuanguka mchangani tifu, kuanguka sakafuni pa. Kitendo ni kimoja, kuanguka, lakini lugha inakataa kuita sauti zote kwa jina moja, kwa kuwa mahali pa kuangukia hubadilisha kila kitu. Tuna kishindo, mvumo, mngurumo, mkwaruzo, mchakacho na mrindimo, na hakuna anayeweza kubadilisha moja kwa jingine.

Hapa ndipo sauti za kushushwa zinapotutia aibu. Nimetazama filamu fupi iliyopigwa Lamu, picha za kupendeza, punda akipita uchochoroni na mzigo wake. Sauti iliyotiwa ilikuwa ya farasi mwenye chuma kwatoni akitembea juu ya mawe. Punda wa Lamu kwa kawaida hana chuma, na njia ile ina mchanga. Mtu wa London hatatambua. Mtu wa Langoni na wa Mkomani atatambua kabla punda hajafika kona, na akishatambua, hataiamini tena hadithi iliyobaki. Vivyo hivyo kwa ndege wa nchi za baridi wanaolia alfajiri ya Mji wa Kale, ambako kila mtu anajua wanaolia ni kunguru.

Vyombo na sauti zake

*Kwato.* Pasua nazi katikati, ikune yote, anika vifuu mpaka vikauke barabara. Shika kimoja kila mkono, mdomo wake ukitazama chini, ugonge kwa mwendo wa mnyama. Hewa iliyofungika ndani ndiyo inayotoa mlio mzito. Juu ya saruji utapata farasi mwenye chuma. Juu ya sinia la mchanga au mkeka uliokunjwa mara mbili utapata punda wetu. Kifuu ni chombo cha zamani katika michezo ya jukwaani na ya redio, hata wachekeshaji wa Uingereza wakakifanyia mzaha katika Monty Python and the Holy Grail ya 1975: mfalme anarukaruka bila farasi, na mtumishi nyuma yake anagonganisha vifuu. Nchi isiyo na mnazi iliagiza vifuu. Sisi tunavitupa.

*Mvua.* Kaimati zinapotumbukizwa kwenye mafuta ya moto, maji yaliyomo hugeuka mvuke na mapovu hupasuka. Sikiliza ukiwa umefumba macho: ni mvua kubwa. Simu iwe mbali na karai, upande usiorukiwa na mafuta. Kwa mvua ya juu ya bati, geuza sinia la chuma, mimina mchele kidogo kidogo kutoka kimo cha dhiraa moja.

*Bahari.* Tia konzi mbili za choroko kavu kwenye ungo, uuinamishe polepole upande mmoja, kisha mwingine. Punje zikiteremka ni wimbi linalokuja, zikitulia ni maji yanayorudi. Mwenye kayamba hana haja ya ungo. Wapigaji wa Kimijikenda wameishika sauti hiyo mikononi tangu zamani.

*Jahazi.* Kitanda cha kamba cha zamani, ukikikalia na kujisogeza taratibu, hulia kama mlingoti unaovutana na kamba zake. Tanga linalopigwa na upepo ni turubai au leso mbili zilizoshonwa pamoja, zikishikwa pembe na kukung'utwa kwa nguvu. Kasia ni mwiko ndani ya beseni la maji, ukizamishwa ubapa na kuvutwa.

*Radi.* Kipande cha bati chembamba, kirefu kama mkono wa mtu mzima au zaidi, kikining'inizwa na kutikiswa kutoka chini. Anza kwa nguvu, kisha punguza, maana radi hufa pole pole.

*Moto.* Finyafinya karatasi ya biskuti karibu na maikrofoni. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, lakini karatasi za biskuti na za kachri zipo na zinatosha. Katikati vunja njukuti kavu, moja moja, uwe mti unaopasuka.

*Ngumi na kisu.* Donge la unga wa mahamri uliokandwa vizuri, likipigwa kofi au ngumi juu ya meza ya mbao, hutoa "dishum" yenye mwili. Kwa kisu, tumia tikiti au boga bichi. Papai lililoiva ni laini mno, kisu hakisikiki kikiingia.

*Mfupa kuvunjika.* Karoti nene iliyofungwa kwa kitambaa kibichi. Karoti hutoa mpasuko, kitambaa hutoa nyama. Wazungu hutumia shina la seleri. Muhogo mbichi mwembamba nao hufanya kazi hiyo.

*Silaha.* Upanga unaokata hewa ni njukuti tatu au nne za fagio la chelewa zikipeperushwa kwa kasi mbele ya maikrofoni. Upanga unaogongana na upanga ni pawa mbili za chuma, zishikwe kwa ncha ili mlio usikatike. Jeshi ni fungu la funguo, kama alivyofanya Foley.

*Mbawa.* Wataalamu hupiga glavu za ngozi moja kwa nyingine. Upepeo wa kuchochea jiko la makaa, ukitikiswa haraka karibu na nguo, hutoa kunguru anayeruka juu ya paa.

*Nyayo.* Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote, kwani karibu kila tukio lina mtu anayetembea. Studio kubwa huwa na visanduku sakafuni, kila kimoja na kitu chake: saruji, mbao, kokoto, mchanga. Nyumbani, masinia manne yanatosha: mchanga wa pwani, kokoto, majani makavu ya mwembe na gazeti lililoroweshwa, ambalo ndilo tope. Viatu navyo viwe vya mhusika. Ndara hupiga kisigino baada ya mguu kutua. Mitalawanda hugonga mara mbili, kisigino kisha kidole. Viatu vya mchuchumio vikipita sakafuni husema mengi kabla mwenyewe hajaingia chumbani. Usitembee kama unakwenda sokoni. Simama mahali pamoja, tazama picha, ukanyage kwa uzito wa yule unayemwona. Mzee hakanyagi kama mtoto anayekimbilia madrasa.

*Theluji.* Hatuna, lakini inafaa kujua: wanga wa mahindi uliotiwa ndani ya mkoba wa ngozi na kubinywa hulia kama mguu kwenye theluji, kwa sababu punje zake laini husuguana na kukwaruzana. Kijana akiweza kutengeneza theluji Likoni, hana kisingizio kwa lililobaki.

Kurekodi kwa simu

Adui wa kwanza wa kazi hii Mombasa ni honi ya tuktuk, na wa pili ni kunguru. Rekodi usiku mtaa ukilala. Zima feni na friji, weka simu kwenye hali ya ndegeni. Chagua chumba chenye godoro, mapazia na nguo nyingi, maana kuta tupu hurudisha mwangwi. Kabati lililojaa nguo, milango yake ikiwa wazi nyuma ya simu, ni studio ya bure.

Weka simu umbali wa shibiri moja hadi mbili kutoka kwenye kitu, juu ya taulo lililokunjwa ili isinase mtetemo wa meza. Kama programu yako ya kurekodi ina kipengele cha kupunguza kelele, kizime, kwa kuwa huidhania mchele kuwa kelele na kuukata. Chagua faili la WAV, hezi 48,000, ambalo ndilo hutumika sana kwenye video. Anza kila rekodi kwa kusema jina la sauti, piga kofi moja, kisha fanya kazi. Rudia mara tano au sita, kila mara kwa nguvu tofauti. Audacity kwa kompyuta ni ya bure na inatosha kusafisha na kukata.

Mwisho, rekodi ukimya wa mahali penyewe kwa dakika moja. Ukimya wa Mji wa Kale si ukimya wa Malindi. Ukiutandika chini ya sauti ulizotengeneza, zote zitakaa chumba kimoja.

Sauti ni mali

Kushusha sauti kiholela kuna bei yake. YouTube ina mfumo wa kutambua sauti zilizosajiliwa, na filamu yako inaweza kuzimwa sauti, au mapato yake kwenda kwa mwingine. Tovuti kama Freesound zina sauti halali za bure, lakini soma masharti ya kila faili: nyingine huru kabisa, nyingine zataka umtaje mwenyewe, nyingine zakataza biashara. Sauti uliyorekodi mwenyewe haina mashaka hayo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda rekodi za sauti, na inamtambua aliyefanya mipango ya kurekodi kuwa ndiye mtunzi wake. Kifuu ulichokigonga usiku kikawa faili ni mali yako, na unaweza kumuuzia mwingine.

Kinachopotea

Kuna jambo linalonisumbua zaidi ya filamu zenyewe. Vyombo nilivyovitaja vinatoka majumbani mwetu mmoja baada ya mwingine. Mbuzi ya kukunia nazi imepisha mashine, na ule mkwaruzo wake wa saa kumi za jioni, uliokuwa ukitangaza chakula cha usiku kabla ya harufu, hausikiki mitaa mingi. Kinu na mchi vimekuwa pambo la hoteli. Mitalawanda nakutana nayo dukani kama kumbukumbu ya mtalii. Milango ya zamani yenye mnyororo na komeo inabadilishwa kwa ya chuma.

Picha za vitu hivi zimejaa, kila mgeni amepiga yake. Sauti zake hazijahifadhiwa kwa kadiri hiyo. Siku kijana wa 2050 atakapotaka kupiga filamu ya nyumba ya bibi yake, ataona mlango kwenye picha na hatajua ulilia vipi. Atashusha mlango wa nchi nyingine.

Kwa hivyo, kabla ya filamu ijayo, nendeni nyumba ya mtu mzima yeyote aliye karibu nanyi, mumwombe ruhusa, mrekodi sauti kumi: mbuzi, kinu, ungo, mlango, mnyororo, kata ikichota maji mtungini, fagio uani, kitanda, leso ikikung'utwa, mitalawanda ukumbini. Andikeni kila faili jina, mahali na tarehe, mhifadhi nakala mbili sehemu mbili. Ni kazi ya usiku mmoja, na chaji ya simu.